Kuume, Kushoto na Tezi: Majina ya Taa za Chombo

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Katavi, huko Ikola na Karema, taa ya chombo ina kazi moja inayojulikana na wote: kuita samaki. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakakusanyika chini yake, na migebuka wakawafuata dagaa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Jina hilo lilitokana na kabaidi, likahamia kwenye taa ya pampu inayotumia mafuta ya taa, na likabaki hata kabaidi yenyewe iliposahaulika. Siku hizi taa za LED, za betri na sola, zinachukua nafasi ya karabai.

Lakini chombo kinachosafiri usiku kinahitaji taa nyingine, ambazo hazimwiti samaki wala hazimmulikii nahodha njia. Hizo huzungumza na watu wa chombo kingine: niko hapa, ubavu mnaouona ni huu, naelekea kule. Vitabuni huitwa taa za urambazaji. Wengine husema taa za kuongozea. Hili la pili linapotosha. Anayelisikia hutarajia mwanga wa kumulika mbele, akafunga taa kali nyeupe omoni, yaani mbele ya chombo, ikamtia kiwi yeye na wanaokuja. Mimi napendekeza taa za mwelekeo, kwa kuwa mwelekeo ndio habari zinayoitoa.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, zimegawa duara zima. Taa ya kijani ubavu wa kulia na nyekundu ubavu wa kushoto, kila moja ionekane kwa nyuzi 112.5 kuanzia omo. Nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma, ichukue nyuzi 135 zilizobaki. Chombo cha tanga kisichofika mita 20 kinaruhusiwa kuziunganisha zote tatu katika taa moja juu ya mlingoti. Kikiwasha mashine, hata tanga likiwa limetwekwa, kinahesabiwa chombo cha mashine: taa hiyo ya juu izimwe, ziwashwe za ubavuni, ya tezi, na nyeupe ya mlingotini inayotazama mbele kwa nyuzi 225.

Tatizo la istilahi liko kwenye kulia na kushoto. Kulia kwa nani? Aliyekaa omoni akitazama tezi, kulia kwake ni kushoto kwa chombo. Mabaharia wa pwani wana goshi na demani, maneno mazuri sana, ila hayo yanafuata upepo: goshini ni unakotoka, demani ni unakokwenda. Geuza chombo, majina yatahama, taa haihami. Tunalo neno kuume, ambalo wengi hulisikia kanisani na wachache hulitumia sokoni. Kwa kuwa halina kazi nyingi, lipewe hii: ubavu wa kuume uwe ule ulio kulia kwa anayetazama omo, popote alipoketi msemaji.

Neno jingine la kuangaliwa ni nyeupe. Ukibadilisha balbu ya zamani kwa LED nyeupe nyuma ya kioo cha rangi, unaharibu rangi. Kioo cha kijani kilichotengenezwa kwa mwanga wa manjano wa balbu ya waya huweza kuvuta kwenye buluu. Na LED nyeupe ya baridi ina wekundu kidogo, hivyo taa ya kushoto hufifia. Kioo chekundu kinataka LED nyekundu, cha kijani kinataka LED ya kijani. Tena mwanga usipokaa mahali ulipokaa waya wa balbu, mipaka ya nyuzi huchanganyika, na aliye mbele haelewi anatazama ubavu upi. Kwa hiyo tutenganishe kubadili balbu na kubadili taa. Salama zaidi ni kubadili taa nzima, iliyotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo. Faida ni kubwa: balbu ya wati 25 kwenye betri ya volti 12 hula takribani ampea mbili, na LED ya kazi hiyohiyo hula sehemu ndogo tu ya umeme huo.

Ng'ambo ya ziwa, Moba na Kalemie, wanasema Kiswahili pia. Istilahi ikitulia, itafaa pande zote mbili za maji yanayotutenganisha. Naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania wakae pamoja na manahodha na mafundi wa Karema, wayapime maneno haya, wayakatae au wayasanifu. Nawe mwenye chombo, uendapo dukani Mpanda, usiseme unataka taa ya boti. Taja rangi, taja nyuzi, taja volti, na taja umbali: kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zionekane angalau maili moja ya bahari, na ya tezi maili mbili.