Msiri wa Garenganze: Mfalme wa Kisumbwa na Waliomsimulia

Makala haya yanamhusu mtu aliyetoka Usumbwa akaenda kutawala mbali na kwao. Aidha, yanahusu maandishi yaliyobaki juu yake. Najua kuna wasomaji watakaouliza: hili ni jarida la uhakiki wa fasihi, historia imefuata nini humu? Jibu langu ni fupi. Karibu kila tunachokijua juu ya Msiri kimetufikia kikiwa masimulizi, na kila msimulizi alikuwa na lake moyoni. Kumchunguza msimulizi, nafasi aliyosimama na yale aliyoyanyamazia, ndiyo kazi yetu sisi wahakiki. Wanahistoria wametupa tarehe. Hebu nasi tuwape msaada wa kusoma.

Usumbwa na njia zake

Anayesafiri kutoka Kahama kwenda Ushirombo hupita Masumbwe. Hadi mwaka 2012 sehemu hizi zilikuwa mkoa wa Shinyanga. Leo Masumbwe iko wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo mchana na usiku, na vijana wengi wa eneo hilo wanatafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu akiona hivyo anaweza kudhani kwamba biashara ya mbali imekuja juzi na lami. La hasha. Jina lenyewe la Masumbwe linatukumbusha Wasumbwa, ndugu wa karibu wa Wanyamwezi, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa miongoni mwa watu wa bara waliofungua njia ndefu za misafara. Walikwenda mashariki hadi pwani. Walikwenda pia kusini-magharibi, wakavuka nchi ya Mwata Kazembe kwenye mto Luapula, wakafika Katanga kwenye shaba.

Shaba hiyo ilichimbwa na kuyeyushwa na wenyeji wa huko, hasa Wasanga, ambao waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Msalaba wa shaba ulikuwa bidhaa na ulikuwa fedha. Wachuuzi wetu waliubeba mabegani kuurudisha kwao, pamoja na pembe za ndovu, na huko bara shaba ikavutwa kuwa nyaya za vikuku vya mikononi na miguuni. Ndiyo kusema kwamba kabla ya kampuni yoyote ya Ulaya kuitia Katanga katika vitabu vyake vya hesabu, mchuuzi wa Kisumbwa alikwisha kuijua bei yake.

Kutoka uchuuzi hadi enzi

Mmoja wa wachuuzi hao alikuwa Kalasa. Mwanawe, Ngelengwa Mwenda, ndiye dunia iliyemjua baadaye kwa jina la Msiri. Huyu kijana aliifuata njia ya baba yake, na katika miaka ya 1850 akalowea magharibi ya Luapula pamoja na watu wake. Hakufika na jeshi kubwa. Alifika na bunduki chache, mali ya kubadilishana na akili ya kibiashara. Machifu wadogo wa huko walikuwa wanasumbuliwa na majirani wenye nguvu, hususan Waluba. Wakamwomba msaada, naye akawasaidia. Kisha akabaki. Hapo ndipo mgeni alipoanza kugeuka mwenyeji, na mwenyeji akaanza kugeuka raia wa mgeni.

Ufalme aliouunda uliitwa Garenganze, na watu wake waliitwa Wayeke. Mji mkuu ulikuwa Bunkeya. Majina haya yanastahili uchambuzi. Garenganze inatokana na Garaganza, jina la kundi moja la Wanyamwezi wa magharibi. Yaani wahamiaji waliubeba utambulisho wao wakaupanda kwenye ardhi mpya. Jina la Wayeke nalo linaelezwa kuwa linatokana na chama cha wawindaji wa ndovu. Na mtawala mwenyewe hakuitwa mtemi, kama ilivyo kwa Wanyamwezi walio wengi. Aliitwa Mwami, cheo wanachokitumia Wasumbwa. Neno moja tu, lakini linatuonyesha kijiji alichotoka mtu vizuri kuliko kurasa nyingi za wapelelezi wa Kizungu.

Siri ya nguvu za Msiri ilikuwa kukaa katikati. Upande wa mashariki alifanya biashara na Waswahili na Waarabu wa njia ya Tabora na Zanzibar. Upande wa magharibi akafungua mlango kwa wachuuzi wa Kiovimbundu waliotoka Benguela, pwani ya Angola. Kutoka pande zote mbili zilikuja bunduki, baruti na nguo. Kwenda pande zote mbili zilitoka pembe, shaba, chumvi na watu waliouzwa utumwani. Ndoa nazo zilikuwa sehemu ya siasa. Miongoni mwa wake zake alikuwamo Maria de Fonseca, mwanamke wa ukoo wa Kireno wa Angola, na wake wengine walikuwa kiungo chake na machifu wa majimboni. Ukitaka kuchora ramani ya ufalme ule, anza na nyumba za wake zake.

Mauaji na wasimulizi wake

Mwaka 1884 hadi 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin. Kwenye makaratasi, Katanga ikawekwa upande wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Bunkeya hakuna aliyeulizwa. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika kwa Msiri mwaka 1886, alikuwa ameandika juu ya nchi hiyo, na habari za shaba zikawachemsha watu kote kuwili. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akiwa na mkataba mkononi. Msiri akakataa kutia sahihi. Mwaka 1891 wajumbe wa Leopold nao wakapishana mlangoni kwake, naye akawazungusha.

Msafara wa mwisho uliongozwa na Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada. Ulipangwa Zanzibar, ukavuka kwenda bara, ukapita Tabora. Tusilipite jambo hili kwa haraka: Wazungu katika msafara ule walikuwa watano tu. Waliobaki, mamia kwa mamia, walikuwa askari na wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wakiwa watu wa Zanzibar na wa pwani. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwapo Bunkeya siku ile, tena kilishika bunduki. Msafara ukawasili katikati ya Desemba 1891. Msiri alipokataa kuipokea bendera, Stairs akaipandisha kwa nguvu. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alitumwa kumkamata Mwami, akampiga risasi akafa. Bodson naye akapigwa, akafa siku hiyohiyo.

Sasa tazama wasimulizi. Dk. Joseph Moloney, mganga wa msafara, alichapa kitabu chake mwaka 1893. Humo Msiri ni dikteta mwenye kiu ya damu. Mafuvu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma yanaelezwa kwa urefu, na kifo chake kinakuwa ukombozi wa raia. Lakini mwenzake wa msafara huohuo, Marquis de Bonchamps, alisimulia jambo ambalo Moloney alilifumbia mdomo: kwamba baada ya kuuawa, Msiri alikatwa kichwa na kichwa kikatundikwa juu ya mti. Mhakiki yeyote anaiona kejeli iliyopo hapa bila kuelekezwa. Fuvu linalotundikwa na Msiri ni ushenzi na linapewa kurasa. Kichwa kinachotundikwa na wageni wake kinafutwa kwenye hadithi. Katika fasihi tunaambiwa kwamba uteuzi wa matukio ni sehemu ya fani. Hapa uteuzi ulikuwa pia sehemu ya unyakuzi.

Upande wa pili tunaye Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri aliyemrithi. Kumbukumbu zake zimetufikia kwa tafsiri. Yeye anamtetea baba yake na kuuhalalisha ukoo: Wayeke hawakupora nchi, walipewa. Lakini huyu naye alisimulia akiwa chini ya Wabelgiji, ambao alilazimika kukubaliana nao na ambao watu wake waliwasaidia vitani dhidi ya waasi wa Kisanga. Basi tunao wasimulizi wawili, mshindi na mrithi. Wote wawili wanahitaji kusomwa kwa jicho pembuzi.

Swali la Wasanga

Kuna wenzetu ambao uhakiki wao una wahusika wa aina mbili tu, mkoloni na shujaa. Wakimsoma Msiri watampandisha haraka kwenye kundi la Kinjeketile na Mkwawa, halafu wataweka kalamu chini. Mimi siko tayari kufika huko. Msiri alikataa bendera ya kigeni, na ujasiri huo hauna ubishi. Lakini tuwaulize Wasanga. Wao ndio waliochimba na kuyeyusha shaba; ushuru ulikwenda Bunkeya. Wao na majirani zao ndio waliotoa watu walioishia kwenye minyororo ya Benguela. Na kabla Stairs hajafika, Wasanga walikuwa tayari wameasi, njia za biashara zimevurugika, baruti imepungua. Stairs aliukuta mti ambao mchwa alikwisha uingia.

Kwa hiyo migongano ilikuwa miwili, si mmoja. Ulikuwapo mgongano wa Garenganze na ubeberu, na ulikuwapo mgongano wa ndani kati ya tabaka la watawala-wafanyabiashara na wale waliotoa jasho. Mhakiki anayeuona wa kwanza na kuufumbia macho wa pili anafanya alichofanya Moloney, ila kwa kinyume chake. Ndiyo maana historia hii haikuisha mwaka 1891. Katanga ilipojitangazia uhuru wake Julai 1960, bendera yake ilikuwa na misalaba ya shaba, na waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri. Patrice Lumumba aliuawa katika nchi hiyo Januari 1961 chini ya serikali hiyo. Shaba ileile, swali lilelile: nani anachimba, nani anakula?

Hitimisho

Tamthilia yetu ya kihistoria imefanya kazi nzuri. Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969, na Mulokozi akamwandika Mkwawa miaka kumi baadaye. Hao walipigana ndani ya mipaka ya nchi yetu ya leo. Msiri alizaliwa huku akafia kule, na pengine ndiyo sababu kila upande unamwona kama mtoto wa jirani. Wakongo hawakumsahau. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alikichora kisa cha Msiri na Bodson ndani ya mfululizo wake wa picha za historia ya nchi yake, na maelezo yake aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga. Maana yake Kiswahili kimekwisha kumsimulia Msiri, ila sisi wenye vyuo na magazeti ya Kiswahili hatukuwa tukisikiliza.

Ninachopendekeza ni hiki. Atakayemwandika Msiri asiandike utenzi wa sifa, wala asinakili kitabu cha daktari wa msafara. Aanze na mpagazi: Msumbwa mmoja aliyetoka pande za Masumbwe na mzigo begani, akarudi na msalaba wa shaba. Amwongeze Msanga aliyeukesha usiku kwenye tanuru. Amwongeze askari wa Zanzibar aliyelipwa kwenda kumkamata mfalme wa bara. Hao watatu wakikutana jukwaani, Mwami atapata kimo chake halisi bila kukuzwa wala kudhalilishwa. Na kijana anayeshuka leo kwenye shimo la dhahabu kule Mbogwe au Geita hatahitaji mhakiki wa kumfasiria mchezo huo. Ataujua mara moja, kwa sababu na yeye kila siku anapandisha mawe kutoka chini, na anayeyapangia bei yuko juu.