Chura wa Mitini wa Amani

Mimi ni mwenyeji wa Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walifyeka msitu wetu wakapanda kahawa, na mwaka 1902 wakaanzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo. Baadaye yakaja mashamba ya chai. Aliyeumia kimyakimya ni chura wa mitini, yule mwenye macho makubwa na mgongo wa kijani uliojaa michirizi myeusi. Hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevunyevu kando ya maji. Kivuli kikiondoka, udongo hukauka. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Tuitunze kwa dhati: Mto Zigi unaotoka huku ndio unaoinywesha Tanga.