Vidonge vya vitamini: nani anavihitaji?

Katika miji yetu, kutoka Bunia mpaka Uvira, vidonge na unga wa "kuongeza nguvu" vinauzwa sokoni, kwenye farmasi, hata mbele ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Muuzaji anasema kopo moja linaponya kisukari, presha na ugumba. Halifanyi hivyo. Nyongeza ya chakula inasaidia pale mwili unapokosa kitu fulani kinachojulikana.

Kwa mama mjamzito, kitu hicho mara nyingi ni chuma. Anatengeneza damu yake na ya mtoto, huku malaria na minyoo vinaipunguza. Ndiyo sababu kwenye CPN anapewa kidonge cha chuma na asidi foliki cha kila siku. Wamama wengi wanakiacha wakiona choo kimekuwa cheusi. Rangi hiyo inatokana na chuma chenyewe. Akimeze na maji, asikimeze na chai, maana chai inazuia chuma kuingia katika damu. Tena, asidi foliki ya CPN ni miligramu 0,4. Ile ya miligramu 5 inayouzwa kwenye farmasi inaweza kupunguza nguvu ya Fansidar inayomkinga na malaria, kwa hiyo asijinunulie bila kuuliza muuguzi.

Watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanapewa vitamini A wakati wa kampeni: tembe ya buluu kabla ya mwaka mmoja, nyekundu baadaye. Mjamzito asiimeze hiyo ya mtoto, kwani vitamini A ikizidi inaweza kuharibu mimba.

Iodini tunaipata katika chumvi. Wazee wa Idjwi wanakumbuka shingo zilizovimba; watafiti walichunguza ugonjwa huo kisiwani miaka ya 1960, wakaona iodini ni chache na muhogo unaongeza shida. Chumvi ifunikwe, isianikwe juani.

Mtu mzima mwenye afya, anayepata sombe yenye mawese mekundu, maharagi, matunda na sambaza, kwa kawaida hahitaji kopo. Afadhali franka hizo zinunue maharagi.

Wachungaji wasikubali ushuhuda wa muuzaji utolewe kanisani kama tangazo. Na ndugu anayetumia dawa za kisukari, presha au VVU asiziache kwa sababu ya kopo. Alipeleke kwenye kituo cha afya, muuguzi asome kilichoandikwa juu yake.