Mafuta ya Taa na Ubao wa Sataranji: Uhakiki wa Filamu ya Queen of Katwe

Filamu ya michezo yenye kutia moyo, yaani ile inayomfuata mchezaji wa hali ya chini tangu anapoibuliwa na mwalimu hadi anapopata ushindi unaombadilishia maisha, hupita njia iliyokwisha kukanyagwa mno, kiasi kwamba mtazamaji huubashiri mwisho mapema. Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair na kutolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016, inaipita njia hiyo hiyo inaposimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyefundishwa sataranji na Robert Katende. Hata hivyo, ubora wake hauko mchezoni, bali uko nyumbani kwa mama yake, Nakku Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o.

Nair, ambaye ameishi Kampala kwa miaka mingi, anauonyesha umaskini wa mjini kuwa ni hesabu ya kila siku, si mandhari ya kuhurumiwa. Harriet anauza kitambaa chake cha thamani ili apate mafuta ya taa, binti yake asome usiku. Na mwanawe Brian anapogongwa na pikipiki, familia inatoroka hospitali kwa kuwa gharama hazilipiki. Matukio hayo yanabainisha kwa nini mama anauona mchezo kuwa tishio: mtoto anayeshinda ubaoni hauzi mahindi, na aliyeonja maisha mengine huenda asiyavumilie tena ya kwao. Nyong'o anaibeba hofu hiyo kwa shingo iliyonyooka na maneno machache, na kwa hiyo upinzani wa mzazi, ambao katika filamu nyingi za aina hii huwa kikwazo tu cha kuondolewa njiani, hapa unakuwa hoja yenye uzito sawa na ya mwalimu.

Ubaoni mambo ni hafifu zaidi. Lipo onyesho zuri ambapo Gloria, mtoto mdogo kuliko Phiona, anamfundisha kwamba askari, kete dhaifu kuliko zote, akifika safu ya mwisho upande wa mpinzani anaweza kugeuka malkia. Hata asiyeijua sataranji anaelewa papo hapo kanuni ya mchezo pamoja na tumaini la msichana. Baada ya hapo filamu inakaribia kuacha kueleza. Mashindano yanakuwa mfululizo wa mikono inayosogeza kete na nyuso zinazomjulisha mtazamaji nani anaelekea kushinda, hivyo kipaji kinachosifiwa hakionekani kikifikiri. Dosari hiyo si ndogo, kwani mtazamaji anatakiwa amsadiki Phiona kabla ya kumwelewa.

Kushindwa kwake nchini Urusi, kwenye Olimpiadi ya Sataranji, mashindano ya timu za mataifa, ndiko sehemu ya kimichezo iliyofaulu kuliko zote, maana kunaonyesha umbali uliopo kati ya bingwa wa Kampala na wapinzani wenye malezi mengine kabisa ya mchezo huo. Lakini filamu haidumu na ukweli huo. Inamrudisha nyumbani ashinde, kisha inaipatia familia nyumba, na kodi na mafuriko vilivyosawiriwa kwa subira kuwa mashaka ya mtaa mzima vinatatuliwa kwa bahati ya kaya moja. Katende naye, licha ya ukunjufu wa uigizaji wa David Oyelowo, amechorwa akiwa mwema mno. Zaidi ya hayo, wakazi wa Katwe wanazungumza Kiingereza karibu muda wote, hata wakiwa wao kwa wao, mahali ambapo Kiganda kingesikika. Yumkini uamuzi huo ulilenga soko la kimataifa, ila unamnyang'anya Harriet, mhusika aliyeumbwa vizuri kuliko wote, lugha ambayo mama wa Katwe huwagombezea watoto wake.