Makao ya Paka Walioshikamana
Desturi ya kuwatafutia walezi wapya paka waliopotea au kutupwa ilichelewa kukua nchini Uingereza, kwa kuwa makao yaliyoanzishwa na Mary Tealby huko Holloway, London, mwaka 1860, yalikusudiwa mbwa, na ni mwaka 1883, miaka 12 baada ya kuhamia Battersea, ndipo yalipoanza kupokea paka. Chama cha Cats Protection League, kilichojishughulisha na paka peke yao, kiliundwa mwaka 1927. Leo makao ya aina hiyo hufuata utaratibu, wenye haki kabisa, wa kutowatenganisha paka walioshikamana, yaani wawili, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, wanaolala pamoja na kulambana manyoya, kwani mmoja akiondolewa mwenzake huweza kususa hata chakula.