Mpumbu wa Luapula: njia ya samaki na wajibu wetu

Jina la mpumbu lingali linasikika ku Kasenga, lakini vijana wengi hawajui vile samaki huyo alilisha watu wengi zamani.

Mpumbu anaishi katika ziwa Mweru. Mvua zikianza na mto ukijaa, anapanda Luapula kwa makundi juu ya kutaga mayai. Basi, mwenye kufunga mto wakati ule hakamati samaki ya leo tu, anakamata na ya kesho.

Wazee wanasimulia kwamba Nkuba, mkubwa wa Washila, aliua mtoto wa Nachituti, dada yake mwenyewe. Nachituti akaomba Kazembe wa Walunda amlipizie. Nkuba alipokufa, akampa Kazembe kitunga cha udongo na chombo cha maji, maana yake inchi na ziwa. Maji hayakuwa ya ovyo. Viziwa vya pembeni vilikuwa na wenyewe, na hao njo walifanya tambiko na kufungua uvuvi.

Kisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi wa Union Minière walihitaji chakula. Wachuuzi Wagiriki walikaa Kasenga wakipeleka samaki mjini. Nyavu zilizidi, zikakinga mto palepale mpumbu alipopita na mayai tumboni. Kufika mwisho wa miaka ya 1940, makundi makubwa yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na ukuta wa simenti. Nyavu njo zilikuwa ukuta.

Inchi zingine zimejaribu kufungulia samaki njia. Ku Marekani, kwenye baraji ya Bonneville katika mto Columbia, walijenga ngazi za maji: samaki anaruka toka kidimbwi kimoja mpaka kingine. Lakini ngazi ile ilipimwa kwa nguvu za samoni. Mpumbu anahitaji kipimo chake.

Kongo na Zambia zinazungumza tangu miaka mingi juu ya kujenga mabaraji ku Luapula. Swali la njia ya samaki liulizwe mbele ya simenti kumwagwa, maana kubomoa ni kazi ngumu. Tena ngazi haina faida kama nyavu zinangojea mlangoni pake. Zambia inafunga uvuvi toka Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ngambo yetu tuheshimu miezi ile ile, sababu samaki hana mpaka.

Wazee walifunga na kufungua kwa tambiko. Sisi tufanye hivyo kwa sheria, lakini tufanye.