Fasiri ya Neno "Milele" katika Sheria: Kisa cha Kakamega

Kazi ya jaji ni kuyapa maana maneno ya sheria. Kazi hiyo yamhusu mwanalugha pia, na historia ya Kakamega yathibitisha jambo hili.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilihesabu kuwa "ardhi ya Mfalme" hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina na Murito wa Indangara, Jaji Mkuu Jacob Barth aliifasiri kwamba haki za Wagikuyu juu ya githaka zao zimekwisha. Wenye ardhi wakawa wapangaji wa Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote.

Sheria ya mwaka 1930 ikaja kutuliza hofu. Iliwaahidi wenyeji maeneo yao "milele": kipande kikitwaliwa, kitolewe kingine cha ukubwa huo, na baraza lao lishauriwe. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa, na kwa ardhi ya madini masharti hayo mawili yakaondolewa. "Milele" ilidumu miaka miwili tu.

Ni dhahiri basi kwamba maana ya neno la sheria humilikiwa na mwenye mamlaka ya kulifasiri au kulibadili. Katiba ya mwaka 2010 yafanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, kifungu cha 259 chasema kwamba matini za lugha mbalimbali zikipingana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Je, mwananchi wa Kakamega asomaye Katiba kwa Kiswahili anayo ahadi yenyewe, au kivuli chake?